Kaburi Lenye Bati

Manyanda mwana wa Luhende alikuwa mtu wa kusifiwa, na usipomsifu alijisifu mwenyewe. Baba yake alipofariki aliuza ng'ombe, akaenda Mpanda mjini, akarudi na lori limebeba simenti, nondo, mabati na fundi wa kuaminika. Watu wa Majimoto walidhani anajenga nyumba. Kumbe anajenga kaburi. Tena si la mtu mmoja. Alijenga la watu wawili, limeunganishwa kama kitanda cha maharusi, na juu yake akasimamisha nguzo na paa la bati lililong'aa kiasi kwamba ukiwa njia ya Kasansa unaliona. Upande wa kulia, kwenye simenti mbichi, fundi aliandika jina la Luhende, mwaka aliozaliwa na mwaka aliofariki. Upande wa kushoto akaandika Suzana Minza. Mwaka wa kuzaliwa waliukisia tu. Mwaka wa kufa wakauachia nafasi.

Suzana Minza mwenyewe wakati huo alikuwa jikoni, anampikia fundi huyo.

Hakuna aliyemuuliza kitu. Majirani walikuja kuangalia, wakazunguka, wakagusa simenti, wakamwambia, "Umezaa mwana, mama Manyanda." Naye akashukuru, maana alifundishwa tangu utotoni kwamba ukipewa unashukuru. Lakini njia ya kwenda kwenye majaruba yake ya mpunga ilipita palepale, na kila asubuhi, jembe begani, mama huyu alilisoma jina lake kaburini. Si kwamba alikuwa mgonjwa. Alikuwa na meno yake na magoti yake, na mpunga alipandikiza haraka kuliko wake wa wanawe.

Sasa sikia hili. Nyumba aliyolala mama huyo mwenye kaburi la bati ilikuwa ya nyasi, na nyasi zenyewe hazijabadilishwa tangu Luhende alipoanza kuugua. Mchwa walikula fito, panya wakafanya njia zao, mvua ikipiga yeye anahamisha kitanda kutoka pembe hii kwenda ile. Alimwambia Manyanda. Manyanda, aliyemwita mama kwa Kisukuma, akasema, "Tutaona, mayu, baada ya mavuno." Mavuno yakaja yakapita. Akamwambia tena. Akajibiwa vilevile, tena kwa upole, kama mtu anayemtuliza mtoto asimsumbue mbele ya wageni.

Huyu Suzana alibatizwa angali msichana mdogo, kwenye misheni moja huko Usukuma, pamoja na kijana aliyeitwa Silvesta. Waliketi darasa moja la katekisimu, wakakariri sala za Kilatini bila kuelewa neno, wakachapwa pamoja walipokosea. Wote walijua kwamba Silvesta angemwoa kama angekuwa na ng'ombe. Hakuwa nao. Luhende alikuwa nao wengi, pia alikuwa na mke, naye hakuwa Mkristo. Ng'ombe wakatoka kwa Luhende wakaingia zizini kwa baba yake Suzana, na Suzana akaenda kuwa mke wa pili.

Na adhabu akapewa nani? Si baba aliyepokea ng'ombe, si Luhende aliyewatoa. Ni yeye. Kanisa likamwambia kwamba mke wa pili hapokei Komunio. Akarudi benchi la nyuma, karibu na mlango, na huko akakaa ujana wake wote na utu uzima wake wote. Alizaa huko, akahama na ng'ombe wa mumewe hadi Majimoto, huku Mpimbwe, mke mkubwa akabaki Usukuma kwa wanawe, akazeeka, na kila Jumapili wenzake walipokwenda mbele yeye alibaki anawashikia nafasi. Mtu aliozwa bila kuulizwa, halafu akahesabiwa kosa la kuolewa. Suzana hakuwahi kumtukana padri yeyote, lakini hasira ile alikuwa nayo, ameihifadhi vizuri.

Silvesta naye alihamia Majimoto baadaye, akifuata malisho na majaruba kama wengine. Alikuja na mke mwema, ambaye homa ilimchukua. Miaka yote hiyo alikuwa rafiki wa nyumba. Alikunywa pombe ya mtama na Luhende, akampelekea Suzana habari za mahubiri siku aliposhindwa kufika kanisani, na hakuwahi kuvuka mpaka wake hata kwa jicho. Luhende alipokufa, padri alipokuja kigangoni, kwenye kanisa lao dogo la Majimoto, Suzana akaungama, akapewa Komunio. Alilia pale mbele hadi padri akasimama kumngoja. Waliokuwa kanisani wakadhani analilia mume. Silvesta peke yake ndiye aliyejua analilia nini, na yeye pia alikuwa anafuta macho.

Ikaja ile mvua ambayo redio iliita El Nino. Ilinyesha mpaka watu wakachoka kuizungumzia. Siku moja mchana, paa la Suzana likashuka lote juu ya kitanda, nyasi, fito, panya na kila kitu. Kwa bahati yeye alikuwa mlangoni. Nyumba ya Manyanda yenye bati ilikuwa hapohapo ng'ambo ya uwanja, lakini mila haimruhusu mama kulala nyumba ya mwanawe aliyeoa, na Manyanda mwenyewe hakutoka kumwambia njoo. Holo, mkewe Manyanda, alimkaribisha jikoni kwake. Jikoni huko kulikuwa na watoto, kuku na ndama wawili, na maji yalikuwa yameshaingia. Suzana akatazama huku na huku. Sehemu kavu katika kaya ile ilikuwa moja tu.

Akachukua chungu, mkeka, kuni na rozari, akaenda kukaa juu ya kaburi lake.

Silvesta alimkuta hapo. Ilikuwa siku ya sala ya jumuiya, watu wachache waliothubutu kutoka wamesali, Suzana hakuonekana, naye akaja kuuliza, suruali amekunja hadi magotini na gunia kichwani.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema.

"Milele amina. Ingia usinyeshewe. Kwangu ndipo hapa."

Silvesta akaingia chini ya bati. Akauona moto, chungu cha maharage kinachemka, na herufi za jina zinatokeza pembeni mwa mkeka. Hakucheka. Mtu mwingine angecheka, na Suzana alikuwa tayari kumpiga mwiko mtu huyo.

"Suzana, umekaa juu ya jina lako."

"Nimekaa palipo pakavu."

"Manyanda amekuona?"

"Amepita. Ameniambia niangalie moto usije ukapasua simenti."

Silvesta akavua gunia, akaketi. Suzana akampakulia, wakala, mvua inapiga bati juu yao kwa kelele kiasi cha kusogeleana ili wasikilizane. Kisha wakasali, kwa kile Kilatini chao cha watoto wa misheni ambacho kigango kizima hakuna mwingine aliyekijua, na ambacho vijana wa kwaya walikiigiza kwa kicheko. Alipokosea mmoja, mwenzake alikosea palepale, kwa sababu walifundishwa na mtu mmoja. Walipofika amina, Silvesta hakuinuka.

"Mimi sina bati," akasema. "Lakini nyasi zangu hazivuji. Nataka uje ukae kwangu. Si hivihivi. Tufunge ndoa, kanisani, mbele ya watu."

"Wewe mzee umenyeshewa hadi ndani ya kichwa."

"Nilinyamaza mara ya kwanza kwa sababu sikuwa na ng'ombe. Mara hii sinyamazi."

Suzana alianza kucheka, akaacha. Alimpenda mtu huyu. Alikuwa amempenda siku nyingi bila kuliita jambo hilo kwa jina lake, kama mtu anayepita kila siku mbele ya mlango wa kwake akiuona ni wa jirani. Akamshika mkono hapohapo, juu ya simenti, mchana kweupe, na hakujali nani anapita.

Jioni alimfuata Manyanda barazani kwake. Holo alikuwa amepiga magoti, anawanawisha mikono kabla ya chakula. Suzana akasema neno lake lote bila kupindisha. Alitarajia mwanawe atafoka, na alikuwa amejiandaa kufoka naye.

Manyanda hakufoka. Aliongea kwa upole, na upole huo ndio uliokuwa mbaya.

"Mayu, nimekuelewa. Mtu ni mtu. Kama ni mwanaume, basi, mzee Silvesta si mbali. Nenda kwake jioni, kula, lala, asubuhi urudi. Nani atakuuliza? Mimi sitatia neno. Ila ndoa hapana. Ukifunga ndoa unakuwa mtu wa kwake, na ukifa watakuzika kwake. Mimi nitawaambia nini watu, na kaburi liko nusu?"

Suzana alimtazama kuhakikisha kwamba ni mwanawe kweli anayesema.

"Unanituma kwenye dhambi ili kaburi lako lijae?"

"Ah, nyie watu wa kanisa mnakuza mambo. Dhambi gani kwa umri huo?"

"Nilikaa benchi la nyuma maisha yangu yote kwa ndoa ya baba yako, Manyanda. Nimefika mbele jana tu. Wewe unataka kunirudisha mlangoni."

"Mimi nataka ulale pazuri."

"Nilale pazuri nikiwa maiti. Leo nalala wapi?"

Manyanda akaanza kula. Holo alibaki na jagi mkononi, macho chini, kama alivyotakiwa.

Tangazo la ndoa likasomwa kigangoni Jumapili ya kwanza, na Jumapili ya pili likasomwa tena. Baada ya hapo katekista Melkiadi akaja kumtembelea Suzana, ambaye bado alilala chini ya bati la kaburi. Melkiadi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayependa mambo yaishe bila yeye kusema kitu. Kanisa lao lilikuwa la nyasi, na Manyanda, ambaye alionekana kanisani Krismasi tu, alikuwa ameahidi kuliezeka bati.

"Mama, si unaona wewe mwenyewe," akasema Melkiadi. "Tungesubiri kidogo. Padri atakuja, tutaongea taratibu, kijana atalainika."

"Barabara imekatika, padri haji mpaka maji yapungue. Nimesubiri tangu wewe hujazaliwa, Melkiadi. Unataka nisubiri nini tena, mabati?"

Melkiadi akaangalia viatu vyake. Akaaga bila kunywa uji aliowekewa.

Jumapili ya tatu Manyanda alikuja amevaa koti, akapita hadi benchi la mbele. Watu wakasogea kumpisha. Melkiadi alisoma tangazo kwa haraka, na alipofika pale pa kuuliza kama kuna anayejua kizuizi chochote kwa ndoa hii, sauti ikapungua kama betri inayokwisha. Manyanda akasimama.

"Kizuizi kipo," akasema. "Mama yangu ana mahali pake. Ubavuni mwa baba yangu. Nimempangia pazuri kuliko mama yeyote katika Mpimbwe hii, na nyie wote mmepaona. Sasa mtu anataka kumtoa pale ampeleke kusikojulikana. Mimi mwanawe nakataa."

Na upande wa wanaume, Mungu awasamehe, wakatikisa vichwa kukubali. Wazee wazima, wanaojua katekisimu nzima, wakatikisa vichwa kwamba mwana amesema vema. Mmoja akasema kwa sauti, "Ana haki." Melkiadi akashika nafasi hiyo kama mtu aliyerushiwa kamba. "Basi, ndugu zangu," akaanza, "kwa kuwa kuna jambo la familia, tungeahirisha..."

"Hujaniuliza mimi," akasema Suzana.

Alikuwa amesimama. Alikunja mikono kifuani.

"Kizuizi ni nini, Melkiadi? Wewe ndiye unayewafundisha wachumba. Kama nina mume, sema. Kama Silvesta ana mke, sema. Kama ni ndugu yangu wa damu, sema. Kaburi ni kizuizi cha ndoa tangu lini? Mimi sijafa. Mwanangu ameniezekea bati mahali nitakapooza, na mahali ninapolala ameniachia nyasi mpaka zikaniangukia. Haya, hilo ningenyamaza, ni mwanangu. Lakini mwulizeni aliniambia nini nilipomweleza habari za ndoa hii. Aliniambia niende kwa mzee Silvesta jioni jioni, nilale huko, asubuhi nirudi, naye hatatia neno. Ndoa ndiyo hataki. Uzinzi anaukubali, kwa sababu uzinzi hauhamishi maiti."

Manyanda aligeuka kuwatazama wanaume, akatabasamu.

"Mayu amezeeka," akasema. "Anachanganya mambo. Nyie wenyewe mnaona."

Hapo ndipo Suzana alipoishiwa maneno. Angejibu kila kitu, lakini mtu akishakuita umechanganyikiwa, kila unachojibu ni ushahidi wake. Akabaki amesimama, machozi ya hasira yanamchoma, na katika benchi la wanaume Silvesta alikuwa ameshainuka anakuja kusimama upande wake.

"Hajachanganya," ikasema sauti upande wa wanawake.

Ilikuwa ya Holo. Alikuwa na mtoto mgongoni, na alisimama nusu. Tangu aolewe, hakuna aliyewahi kumsikia Holo akisema neno mbele ya wanaume, sembuse kumpinga mumewe.

"Alisema hivyohivyo. Nilikuwa ninawanawisha mikono. Alisema, nenda kwake jioni, lala, asubuhi urudi, nani atakuuliza." Akakaza kanga ya mtoto. "Na siku ile ya mvua alimwambia mayu asipasue simenti kwa moto."

Wanawake wakaanza kunong'ona, na mnong'ono huo haukuwa wa kanisani. Yule mzee aliyesema ana haki alikuwa anatafuta kitu chini ya benchi. Melkiadi akamtazama Manyanda, akamtazama Holo, na sijui ni aibu au ni neema, akapata sauti.

"Ulisema hivyo, Manyanda?"

"Nilisema kwa heshima."

"Basi kizuizi hakuna," akasema Melkiadi. "Tuimbe."

Manyanda alitoka kabla wimbo haujaanza. Mabati ya kanisa hayakuja, na wapo waliomlaumu Suzana kwa hilo pia, usoni kwake kabisa. Holo alilala kwa mama yake siku kadhaa hadi hasira za mumewe zikatulia. Padri alipofika hatimaye, gari limejaa tope hadi vioo, akawafungisha ndoa siku ya kazi, asubuhi, mbele ya watu wa jumuiya na mbwa mmoja. Wana wa Suzana hawakutokea hata mmoja. Wajukuu walizuiwa. Jambo hilo lilimuuma, na mwenye kusema kwamba furaha ya siku ile ilifunika kila kitu anasema uongo. Alikwenda mbele kupokea Komunio mkono umeshikana na wa Silvesta, anafurahi na ana hasira, vyote kwa pamoja, na hakuona sababu ya kuficha kimojawapo.

Kwa Silvesta paa lilikuwa la nyasi nene, lililofumwa vizuri. Kila asubuhi, kabla hajawasha moto, mzee yule alimuuliza amelalaje, kisha akangoja ajibiwe. Kwa jambo dogo kama hilo, Suzana wakati mwingine alihitaji kugeuka ukutani kidogo, afute macho, ndipo ajibu.

Mpunga ulipokuwa unaanza kuchanua, Manyanda akaja. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, amekonda kidogo. Mnadani walikuwa wanamtania, wanamuuliza kama upande wa kaburi lake unapangishwa. Wazee wa ukoo nao walikuwa wamemwita. Silvesta alimwamkia vizuri, akachukua jembe akaenda shambani, akawaacha.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba."

"Nimekuja tuongee. Mimi sitaki ugomvi. Umeolewa, imekwisha. Nataka neno moja tu kutoka kwako, niwapelekee wazee. Kwamba siku ikifika, utarudi kulala pale kwa baba. Mzee Silvesta akubali, tumalizane."

Suzana alikuwa anapepeta mchele. Aliendelea kupepeta hadi makapi yakaisha, akaweka ungo chini. Alikuwa amekaa siku nyingi akifikiri atamwambia nini mtoto huyu akija, na alikuwa na maneno mengi, mengine makali kiasi kwamba mama hapaswi kuyasema. Sasa alimwona hapo mlangoni, kidevu ni cha Luhende, macho ni yake yeye, na hajauliza hata kama yu mzima.

"Manyanda," akasema, "kama umekuja kunisalimia mimi, ingia ndani, ugali upo na maziwa yapo. Kama umekuja kuifuata maiti yangu, bado haijafika."

Akainuka kwenda kusonga ugali. Hakugeuka kuangalia. Maji ya ugali yalikuwa yameanza kuchemka ndipo akamsikia mwanawe nyuma yake akivua viatu.